Ngumi Ileile, Ulingo Uleule

Raundi ya 2 inaelekea ukingoni. Nicholas Walters wa Jamaica anasogea mbele polepole, mikono mirefu, hana presha. Nonito Donaire wa Ufilipino anarudi nusu hatua, anageuza kiuno, na mkono wake wa kushoto unatua kichwani mwa Walters bila kizuizi. Magoti ya Mjamaika yanacheza. Muda si mrefu kengele inalia, na Walters anarudi kwenye kona yake kwa miguu yake mwenyewe.

Hakuanguka.

Hapo ni Carson, California, Oktoba 18, 2014, mkanda wa WBA uzani wa unyoya (WBA, kama WBC, WBO na IBF, ni chama kinachotoa mikanda ya ubingwa wa dunia). Mwisho wa raundi ya 6 aliyeanguka kifudifudi kwenye turubai ni Donaire, na mwamuzi akapunga mikono kumaliza pambano.

Watu hukumbuka ile raundi ya 6. Mimi ni ile ya 2 ambayo imenikaa kichwani wiki kadhaa sasa. Sababu yenyewe ni Februari 19, 2011, Las Vegas. Siku hiyo mkono huohuo ulimpata Fernando Montiel, bingwa wa WBC na WBO uzani wa bantamu, naye akaenda chini chali, mikono na miguu ikirusharusha hewani kama mtu aliyeguswa na umeme. Aliinuka kwa miujiza, akaongezwa mbili, mwamuzi akasimamisha. Raundi ya 2 pia.

Mtu mmoja, mkono mmoja, miaka mitatu na miezi minane katikati. Ile ngumi ilikwenda wapi?

## Mkono wenyewe

Tunaupenda kwa jinsi unavyomaliza. Kazi iko unapoanzia.

Donaire haupandishi mkono wa kushoto shavuni kama vijana wanavyofundishwa. Anauacha chini, karibu na kiuno, kidevu kikionekana wazi. Huo ni mtego. Mpinzani akiona uwazi hutupa ngumi, na akishatupa, uzito wake wote unakuwa safarini kuja mbele. Donaire anavuta kichwa nyuma sentimita chache tu, ngumi ile ipite. Mguu wa mbele umeshika chini. Kisigino cha mguu huo kinageuka kwenda nje, goti linafuata, nyonga inafuata, na kiwiko kinapanda hadi usawa wa ngumi bila kunyooka. Mkono wenyewe haufanyi kazi kubwa. Unabebwa tu na kiuno.

Ngumi inafika wakati mpinzani bado anakuja. Kwa hiyo nguvu inachangwa na watu wawili, mmoja bila kujua.

Hivyo ndivyo dunia ilivyomfahamu, Julai 7, 2007, Bridgeport, Connecticut. Vic Darchinyan alikuwa bingwa wa IBF uzani wa flai, mapambano 28 bila kupoteza, mashoto mwenye fujo. Mwaka uliotangulia alikuwa amemvunja taya Glenn Donaire, kaka yake Nonito. Raundi ya 5 Darchinyan akaruka na kushoto chake, kama alivyokuwa akimrukia kila mtu. Nonito akavuta kichwa, akageuka. Darchinyan aliposimama alikuwa anayumba hadi kwenye kamba.

Silaha hii ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba inahitaji mtu wa kukutupia ngumi. Guillermo Rigondeaux, Aprili 13, 2013, New York, alikataa kutupa. Alisimama mbali, akapiga moja akahama, raundi baada ya raundi, na Donaire akabaki anasubiri basi ambalo halikupangiwa njia hiyo. Raundi ya 10 alimpata mara moja na kumwangusha. Mcuba aliinuka, akaendelea na hesabu zake, akachukua ushindi kwa pointi za majaji wote watatu.

Kasoro ya pili ni mbaya zaidi. Mkono wa kushoto unapozunguka kwa nje, upande wa kushoto wa uso unabaki bila mlinzi. Ngumi ya kulia ya mpinzani inapita ndani, kwenye mstari ulionyooka, na mstari ulionyooka ni mfupi kuliko mzunguko. Aliyetulia anaweza kuanza akiwa amechelewa na bado akafika kwanza.

Ngumi ya Walters iliyomaliza kazi ilikuwa ya kulia.

## Hesabu ya mizani

Jibu la haraka kwa swali langu ni uzito. Bantamu ni pauni 118, yaani kilo 53.5. Unyoya ni pauni 126, kilo 57.2. Katikati kuna superbantamu ya 122. Tofauti kati ya Montiel na Walters kwenye karatasi ni pauni 8, kilo 3.6. Mtu anaweza kusema hiyo si kitu, ni mfuko wa unga wa kilo mbili na kingine kidogo. Lakini kwa mtu wa kilo 53.5 hiyo ni karibu asilimia 7 ya mwili. Mpe bondia wa kilo 100 mpinzani wa kilo 107 na promota atakwambia ni sawa tu, maana uzito wa juu hauna kikomo. Huku chini kwa wadogo kila pauni tatu au nne zina mkanda wake, na kuna sababu.

Lakini namba ya kwenye mizani ni ya dakika ile tu ya kupimwa.

Uzito hupimwa siku moja kabla, kwa kawaida saa 24 hadi 30 kabla ya kengele. Katika wiki ya mwisho bondia hupunguza wanga na chumvi. Kila gramu ya wanga uliohifadhiwa kwenye misuli na ini hushika takriban gramu 3 za maji, kwa hiyo akimaliza gramu 400 za akiba hiyo, zaidi ya kilo moja na nusu huondoka bila kukata nyama. Wengine hunywa maji mengi sana mwanzo wa wiki, lita sita na zaidi kwa siku, ili figo zizoee kutoa, halafu wanakata ghafla mwili ukiwa bado unatoa. Kilichobaki hutolewa kwa jasho: maji ya moto bafuni, nguo za nailoni, kukimbia taratibu. Lita moja ya jasho ni kilo moja.

Akishapimwa, anarudisha. Hapo ndipo wengi huharibu. Anayebugia maji matupu kwa kiu huyakojoa kabla hayajafika alikokusudia. Maji yanahitaji chumvi na sukari ili yakae, kidogokidogo kwa saa kadhaa, kisha wali, viazi, chakula chepesi kwa tumbo. Aliyetoa kupita kiasi hawezi kulipa deni lote kwa siku moja. Mizani nyingine ikiletwa itasema amerudi, ila miguu inakufa raundi ya 7, na kichwa kilichopungukiwa maji kinavumilia ngumi vibaya.

Sasa mweke Donaire kwenye hesabu hiyo. Kimo chake ni kama sentimita 170. Kwenye flai ya pauni 112 alikuwa mrefu kuliko karibu kila aliyekutana naye, na hata kwenye 118 yeye ndiye aliyekuwa anashuka hadi kwenye mizani halafu anapanda usiku wa pambano. Kwenye 126 mambo yaligeuka. Yeye hakuwa tena na kitu kikubwa cha kukata, huku mwenzake akitoka juu sana na kurudi juu sana. Pauni 8 za kwenye karatasi zinakuwa nyingi zaidi mkiwa ulingoni.

Kuhusu Walters tuna ushahidi. Pambano lililofuata, Juni 2015, alishindwa kushuka hadi 126 na kuvuliwa mkanda palepale kwenye mizani. Mwili huo ndio ulioipokea ile ngumi ya raundi ya 2.

## Waliosimama, na walioanguka

Ningeweza kuishia hapo kama si orodha ya wapinzani wenyewe. Nilitaka kuona kama inakubaliana nami, na mwanzoni ilinikatalia.

Donaire alipanda 122 Februari 2012 na mwaka huo alishinda mapambano manne. Toshiaki Nishioka alisimamishwa raundi ya 9. Jorge Arce alilala raundi ya 3 kwa kushoto kilekile. Mwaka 2013, tayari uzani wa unyoya, Darchinyan akasimamishwa tena, safari hii raundi ya 9. Ngumi iliyodhoofika haifanyi hivyo.

Nikaangalia tena walikotoka. Arce alikuwa bingwa wa uzani wa flai mwepesi, pauni 108. Darchinyan ni mtu wa flai. Wote walipanda ngazi kama yeye, na huko juu aliwakuta watu aliowaacha chini. Nishioka ndiye anayenisumbua, kwa sababu 122 ilikuwa nyumbani kwake. Naye nitamwacha asimame kama pingamizi.

Wengine aliokutana nao huko juu, 122 na 126, walikuwa na tabia moja. Wilfredo Vazquez Jr. aliangushwa raundi ya 9, akamaliza 12. Jeffrey Mathebula wa Afrika Kusini, mrefu kupita kiasi kwa uzani ule, aliangushwa raundi ya 4, akamaliza 12. Rigondeaux aliangushwa na kushinda. Simpiwe Vetyeka, Mwafrika Kusini mwingine, aliangushwa raundi ya 4 huko Macau mwaka 2014. Pambano hilo lilisimamishwa mara tu kengele ya raundi ya 5 ilipolia, kwa sababu Donaire alikuwa amechanika juu ya jicho kwa kugongwa na kichwa. Raundi nne zilikuwa zimetimia, ikaenda kwa kadi za majaji, Donaire akapewa mkanda. Halali kwa kanuni, lakini hakuna aliyetoka pale akiamini amepata jibu.

Wanaanguka, wanainuka, wanaendelea. Kwenye 118 walioanguka hawakumaliza.

Baada ya Walters alirudi 122, akapata mkanda wa WBO Desemba 2015, akaupoteza kwa Jessie Magdaleno Novemba 2016. Aprili 21, 2018 alikwenda Belfast kwenye 126 tena, Carl Frampton akamshinda 117-111 kwenye kadi zote tatu. Donaire alikuwa na miaka 35. Kwa mabondia wadogo huo ni uzee. Kasi ndiyo mtaji wao, na kasi hutangulia kuondoka.

## Kushuka

Baada ya Belfast akatangaza anarudi bantamu.

Nakiri kwamba kwenye karatasi uamuzi ule ni wa mtu anayetafuta hospitali. Mabondia hupanda kadiri wanavyozeeka. Hawashuki. Alikuwa hajapigana kwenye 118 tangu Oktoba 2011, miaka saba. Misuli aliyoiongeza kwa ajili ya 122 na 126 si maji, haitoki kwa jasho. Ukitaka kuitoa lazima mwili uile wenyewe, na kuila kunachukua miezi. Anayejaribu kwa wiki nne hufika kwenye mizani akiwa maiti inayopumua.

Ila tazama kalenda. Kutoka Belfast hadi Novemba 3, 2018, siku aliyopanda ulingoni Glasgow kupigana na Ryan Burnett, ni wiki 28. Kilo 3.6 kwa wiki 28 ni gramu 130 kwa wiki, chini ya uzito wa embe dogo. Mwili hauoni hata kama unaibiwa. Na kama pale 126 alikuwa hakati sana, maana yake hakuwa anashuka kutoka juu ya 126 bali kutoka palepale, na maji ya kukata yalikuwa bado yapo mfukoni, hayajatumika.

Huo ndio ugeuzi ambao ulinichukua muda kuuona. Tulidhani alikuwa mtu wa unyoya anayejibana kuwa bantamu. Kumbe kwa miaka sita alikuwa bantamu aliyeruhusiwa kula.

Glasgow lenyewe halikujibu kitu. Raundi ya 4 Burnett alitupa ngumi akashika mgongo, akashindwa kuendelea, na Donaire akawa bingwa wa WBA kwa njia ambayo hakuna anayeitamani. Wengi tulisema bahati. Aprili 27, 2019, Lafayette, Louisiana, akaletewa Stephon Young kuziba nafasi ya Zolani Tete aliyeumia bega. Raundi ya 6, kushoto kimoja. Young alikwenda chini na hakukuwa na haja ya kuhesabu.

Kilikuwa kimerudi.

## Saitama

Kisha akaja mtu aliyeitoboa nadharia yangu.

Novemba 7, 2019, Saitama, fainali ya mashindano ya bantamu, Naoya Inoue. Raundi ya 2 kushoto cha Donaire kikamchana Inoue juu ya jicho la kulia na kumvunja mfupa wa tundu la jicho. Pauni 118, mahali ambapo, kwa hesabu zangu, watu huanguka. Inoue alikaa raundi kumi zilizofuata akiona watu wawili mbele yake. Raundi ya 9 Donaire akampata kwa kulia, Inoue akamkumbatia ili asianguke.

Hakuanguka.

Raundi ya 11 ngumi ya kushoto ya Inoue iliingia chini ya mbavu, upande wa ini. Ngumi ya ini haikuzimi kichwa. Unasikia kila kitu, unajua mwamuzi amefika ngapi, ila mwili unakataa amri. Donaire aligeuka akatembea hatua kadhaa kabla ya kupiga magoti, akainuka hesabu ikikaribia kumi. Kadi zilisema 116-111, 117-109, 114-113, zote kwa Inoue.

Kwa hiyo uzito haukuwa jibu lote. Wapo watu ambao hata mizani ikikupendelea, taya lao halikupendelei. Waliporudiana Juni 7, 2022, Inoue hakusubiri: Donaire akatupa kushoto, kulia kifupi cha Inoue kikapita ndani, mwisho wa raundi ya 1, akaenda chini. Raundi ya 2 likaisha. Ile kasoro ya pili, mstari ulionyooka dhidi ya mzunguko, sasa mbele ya mtu aliyekuwa ameisoma kwa raundi 12.

Ningetaka kusema Walters naye aliisoma. Sina hakika. Nadhani Walters alikuwa mkubwa tu.

## Carson tena

Kuna jambo nililigundua nikiwa natafuta tarehe. Uwanja wa Carson umebadilishwa jina mara mbili, ndiyo maana kwenye rekodi unaonekana kama viwanja vitatu. Mwaka 2012, ukiitwa Home Depot Center, Donaire aliwashinda hapo Mathebula na Nishioka, uzani wa 122. Mwaka 2014, ukiitwa StubHub Center, Walters akamlaza hapo, uzani wa 126. Na Mei 29, 2021, ukiitwa Dignity Health Sports Park, alipanda hapo kwenye 118 dhidi ya Nordine Oubaali wa Ufaransa, bingwa wa WBC ambaye alikuwa hajapoteza pambano.

Donaire alikuwa na miaka 38. Wanaouliza umri ule na nguvu ile vilikaaje pamoja wana haki ya kuuliza. Niseme tu kwamba tangu 2012 alikuwa amejiandikisha kupimwa dawa za kuongeza nguvu na VADA, shirika la upimaji huo, mwaka mzima, bila taarifa, wakati mabondia wengi walikuwa wakipimwa karibu na pambano tu.

Oubaali ni mashoto, kama Darchinyan. Raundi ya 3 alitupa, Donaire akavuta kichwa, akageuka. Chini. Akainuka, na kabla ya raundi kwisha, chini tena. Raundi ya 4 mwamuzi hakuhesabu. Bantamu haikuwahi kuwa na bingwa wa dunia mwenye umri mkubwa hivyo.

Desemba 11 mwaka huohuo alirudi uwanja uleule dhidi ya Reymart Gaballo, Mfilipino mwenzake kutoka Polomolok, mji jirani na General Santos alikokulia Donaire. Gaballo kijana, mrefu, mwepesi, na kwa raundi tatu alikuwa anajua kitu: hakutupa ovyo. Alikaa mbali na ule mkono, akilinda kichwa kila kushoto cha Donaire kilipotikisika.

Sekunde za mwisho za raundi ya 4 kushoto kikatikisika tena. Mikono ya Gaballo ikapanda kulinda taya. Ngumi ikaenda chini, kwenye ini.

Gaballo alishuka, akainuka, akasimama kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani, kisha akarudi kwenye goti akisikiliza mwamuzi akimaliza kuhesabu.